Siku Tulipoanika Kadi Pamoja na Majani Chai

Nyinyi siku hizi mnasema warsha. Sisi tulisema wakshop, na ukiishi upande huu wa Kericho ukasema wakshop, kila mtu anajua unamaanisha gereji: pale trakta inapofunguliwa, pale penye shimo la kuingilia chini ya lori na harufu ya grisi. Kwa hivyo juzi kijana mmoja aliponipigia simu akasema, "Mama Kerubo, tunataka kupendekeza warsha kwenye mkutano wa kompyuta, tuanzie wapi?" nilicheka mpaka nikaweka simu chini. Nadhani aliumia, maskini. Hapana, mwanangu, sikuwa nakucheka wewe. Nilikuwa nacheka trakta.

Wacha niwaambie wote mara moja, maana nimechoka kurudia kwenye simu na masikio yangu si yale ya zamani.

Kazi yangu ilikuwa kutoboa kadi. Najua hamjaiona kadi ya namna hiyo. Ni kipande cha karatasi ngumu, kirefu kuliko kiganja, na neno lake halikuandikwa kwa wino, liliandikwa kwa matundu. Mkulima wa Silibwet akipeleka majani kituoni, karani anapima na kuandika kilo. Karatasi ya karani inafika kwetu, ofisi ya majani karibu na Kericho mjini, nasi wasichana tunaketi mbele ya mashine tukiigeuza kuwa matundu: hili ni namba ya mkulima, hili ni kituo chake, haya ni majani yake. Mwisho wa mwezi kadi zinapangwa na kujumlishwa. Ukikosea tundu moja tu, majani ya mzee wa Silibwet yanakuwa ya mama wa Longisa, na hapo ndipo utajua wakulima wana miguu, maana watatembea mpaka mlangoni pako.

Siku ya kwanza niliyoingia kile chumba nilikwama mlangoni. Mimi nimezaliwa kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai. Baba na mama walitoka upande wa Kisii kutafuta kazi, na taa ya umeme tuliiona kwa mbali, kwenye nyumba ya bwana mkubwa. Sasa naona mashine ndefu, inanguruma, kadi zinaingia upande mmoja na kukimbia juu yake upesi hata jicho linaachwa, na kila kadi inaanguka kwenye kisanduku chake bila kuambiwa na mtu. Za Silibwet kwa za Silibwet. Za Longisa kwa za Longisa. Mwili ulinisisimka. Bwana Tanui, mkuu wa chumba, mtu wa Bomet, mpole wa kusema, akaniuliza kwa nini naogopa. Nikamwambia siogopi, nashangaa. Akasema siku nitakayoacha kushangaa nimwambie, anitafutie kazi nyingine. Nilistaafu kabla sijamwambia.

Ile mashine tuliipa jina la Mpangaji, na Bwana Tanui alipenda kusema ndiye mpangaji pekee Kericho nzima asiyelipa kodi. Mzaha huo aliurudia kwa kila mgeni. Ukicheka mara ya kwanza, basi umejifunga, lazima ucheke mpaka siku ya mwisho.

Adui yetu alikuwa mvua. Hapa kwetu mvua haiulizi ruhusa, kila alasiri inashuka, na kadi ni karatasi, inakunywa unyevu hata ikiwa ndani ya nyumba. Kadi iliyokunywa inanenepa, na ikinenepa Mpangaji anaitafuna. Kwa hivyo tulizifungia kabatini, na ndani ya kabati tukawasha balbu usiku na mchana kuzipasha joto. Bwana Tanui alinifundisha kuisikiliza kadi: unaishika pembeni, unaipiga kwa kidole karibu na sikio. Kadi kavu inalia, tak. Kadi yenye maji ni bubu. Dada zangu kambini waliniona nikifanya hivyo na karatasi yoyote, hata bahasha, wakasema nimechanganyikiwa kwa kukaa na mashine.

Haya, mkutano. Ilikuwa miaka ya sabini. Wasomi wa kompyuta walikuwa wachache nchini, wote wakijuana kwa majina, na mikutano yao ilikuwa Nairobi. Mwaka mmoja wakaamua waje Kericho. Sababu waliyotoa ni hewa safi. Mimi nadhani wake zao walitaka kuona majani chai. Wakatangaza kwamba siku moja kabla ya mkutano wenyewe kutakuwa na wakshop, na kila mwenye wazo alete pendekezo. Bwana Tanui alinisomea lile tangazo, akalikunja, akasema tutaandika, na jina litakuwa langu.

Nilidhani anatania kama kawaida yake. Hakuwa anatania. Alisema yeye umri umeenda, na kazi yenyewe tunaifanya sisi wasichana, sasa yeye akasimame aseme nini?

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa aibu. Nilichukua maneno makubwa kutoka kwenye kitabu cha mashine nikayapanga kama sahani za mgeni. Bwana Tanui alisoma, akakohoa, akaniuliza swali moja: mtu akitoka hapo jioni, atakuwa anajua kufanya nini ambacho asubuhi hakujua? Nikaichana ile karatasi. Basi hilo ndilo swali, vijana, na ninyi mkishindwa kulijibu kwa maneno ya nyumbani, msitume kitu. Tulikaa tena chini tukaandika upya: kila mgeni atafuata kikapu kimoja cha majani kutoka kwa mchumaji mpaka kwenye karatasi iliyochapishwa, atatoboa kadi zake mwenyewe, atazipanga kwa Mpangaji, atakosea kwa mkono wake, kisha atalitafuta kosa lake mpaka alipate. Hakuna hotuba. Wakshop yenye hotuba tupu ni mahubiri, na mahubiri yana siku yake.

Kamati ikajibu kwa kuuliza nina shahada gani. Mimi niliishia kidato cha pili.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa wa chuo kikuu, na nitamwita hivyo tu, Profesa. Bwana Tanui alipanda gari akaenda Nairobi kumwona. Aliporudi hakunificha. Profesa hakuwa mtu mbaya, alisema, ila mkutano wao ulikuwa mchanga na aliogopa kuchekwa. Wenzake wengine walitaka wakshop ziendeshwe na wenye shahada peke yao. Yeye akatoa sharti: Kerubo aendeshe yake, waone. Ikifaulu, mlango utabaki wazi kwa watu wa kazi. Ikiharibika, kuanzia mwaka unaofuata mtu asiye na shahada asilete pendekezo.

Chakula kilinishinda kwa wiki nzima. Ingekuwa ni kuaibika mimi, ningeaibika nikarudi kutoboa kadi. Lakini nilifikiria wasichana wenzangu, nikafikiria watu wa mashine wa miji mingine ambao hata sikuwajua, wote wakifungiwa mlango kwa sababu ya Kerubo fulani wa Kericho aliyekwama mbele ya wageni. Mama aliniambia nile, kwamba aibu haipungui kwa njaa.

Sasa sikieni mambo ya barua. Ofisi yetu, kiwanda na gereji vilikuwa ndani ya ua mmoja: ofisi juu kwenye mteremko, kiwanda chini, gereji mkabala nacho. Watu wa Nairobi wakamwandikia meneja wakisema tafadhali tayarisheni wakshop kwa ajili ya wageni, iwe na meza, taa na umeme wa kutosha, na mashine ya kadi iwe tayari kufunguliwa. Karani wa meneja akaona neno wakshop, akafanya ambacho karani yeyote wa Kericho angefanya. Akaipeleka gereji.

Mkuu wa gereji alikuwa Mzee arap Mutai. Mtu mrefu, kofia ya sufi kichwani jua au mvua, na mkali kwa madereva mpaka walizima injini mbali wakamjia kwa miguu. Alizaliwa hapa hapa, ulimi wake ni wa Kipsigis, b yake na p yake zilikuwa ndugu, kwa hivyo jina langu kinywani mwake lilikuwa Kerupo. Nililipenda hivyo. Hakuna mwingine aliyeniita hivyo na kwangu lilikuwa kama zawadi.

Wakshop ilipangiwa Jumatatu. Jumamosi mimi nilikuwa kanisani, sisi ni Wasabato. Bwana Tanui alikuwa ameenda Londiani kuwapokea wageni waliokuja kwa treni. Jumapili asubuhi nikapita ofisini niangalie kadi zangu, nikafungua mlango, na Mpangaji hayupo. Palikuwa na sakafu tu, nyeupe pale alipokuwa amesimama, na nyaya zimefungwa vizuri kwa kamba ya katani. Nilishuka ule mteremko nikiteleza kwenye matope na viatu vyangu vizuri, na nikamkuta Mzee arap Mutai mlangoni pa gereji, amefunga mikono kifuani kama baba wa bwana harusi.

"Mzee, Mpangaji iko wapi?"

"Iko wakshop. Si parua ilisema ifunguliwe?" Akaona uso wangu. "Kerupo, usiogope. Tuliipepa kama mtoto."

Na kweli waliibeba kama mtoto. Waliinyanyua kwa mnyororo wa kuinulia injini, wakailaza kwenye trela juu ya magunia, trakta ikaenda mwendo wa konokono, na yeye mwenyewe akatembea kando ameishikia mwavuli. Mwavuli, nasema! Mtu ambaye hakuwahi kujifunika mwenyewe. Ningewezaje kumkasirikia?

Akanitembeza. Trakta zote zilikuwa nje. Kuta zimepakwa chokaa. Lile shimo limefunikwa kwa mbao. Meza za kazi zimepanguswa mpaka mbao zinaonekana rangi yake, na mbele ya kila nafasi ameweka spana moja na ovaroli moja iliyofuliwa na kukunjwa. Alinieleza kwamba mgeni hawezi kuingia wakshop na suti, atachafuka. Nilitaka kumwambia hii si wakshop ya namna hiyo. Nikaangalia zile ovaroli zilivyokunjwa. Nikasema, asante, Mzee.

Bwana Tanui alipofika kutoka Londiani alikaa kwanza juu ya tairi. Kisha akainuka, akazunguka Mpangaji, akamgusa hapa na pale. Akasema imefika salama, tusiirudishe, safari moja inatosha, na zaidi ya hayo umeme wa gereji una nguvu kushinda wetu kwa sababu ya mashine ya kuchomelea. Tukaunganisha. Mpangaji akanguruma. Tukaleta kadi zetu tukaziweka kwenye rafu ya spana, tukaenda zetu nyumbani tukiwa na moyo.

Kwa hivyo kijana wangu wa simu, jambo la pili ni hilo. Usiamini barua, nenda ukakione chumba kwa macho yako, umwone mwenye ufunguo, na umweleze kwa mdomo unataka kufanya nini. Ukitumia neno, uliza yeye anasikia nini.

Jumatatu asubuhi nilisikia harufu ya sabuni kabla ya kufika mlangoni. Mzee arap Mutai alikuwa ameamka mapema, na kwa heshima ya wageni akaosha sakafu yote kwa maji ya moto. Ilimeta. Mvuke ulikuwa bado umening'inia kwenye mabati. Mimi nikatazama sakafu nikaona imependeza, kichwa changu chote kiko kwenye maneno nitakayosema, na wala sikuwaza kuhusu rafu.

Wageni wakaingia. Walikuwa wengi kuliko viti. Walimu wa chuo, wanafunzi wao, watu wa benki, watu wa reli, na Profesa mbele, mfupi, miwani mizito, tai imekazwa. Walipoziona ovaroli wakatazamana. Mzee arap Mutai akachukua ya kwanza akamshikia Profesa vile mtu anavyomshikia mwenzake koti. Profesa akageuza mgongo, akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili. Basi wote wakavaa. Ovaroli ya Profesa ilimfikia chini ya kisigino na tai ilichungulia shingoni, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Sehemu ya kwanza ilienda vizuri. Tuliwapitisha kwenye kikapu, kwenye mizani, wakatoboa kadi zao, wakakosea kama tulivyoahidi. Kisha nikachukua kadi za Silibwet kutoka rafuni nichanganye na zao, nikazilisha kwa Mpangaji, nikabonyeza. Kadi chache zikakimbia. Halafu ukatoka mlio ninaoujua, krrr, na Mpangaji akasimama. Nilipofungua kifuniko, kadi zilikuwa zimekunjamana kama sketi ya shule.

Nikaziondoa, nikajaribu tena. Krrr.

Nikashika kadi moja, nikaipiga kwa kidole karibu na sikio. Bubu. Nikatazama sakafu inayometa, nikatazama mabati, ndipo nikaelewa. Kadi zote zilikuwa zimelala kwenye baridi na kuamkia mvuke. Wageni wakaanza kunong'ona. Mmoja aliyekuwa karibu na mlango akavua ovaroli yake taratibu akaikunja, na nikajua huyo ni mmoja wa wale waliotaka shahada. Profesa akaja mpaka mbele yangu.

"Umekwama, Bi Kerubo?"

Nilimtazama Bwana Tanui. Alikuwa akinitazama kwa uso uleule wa siku zote, kama mtu anayesubiri jibu ambalo anajua lipo. Ningeweza kusema mashine imeharibika kwa kubebwa, na kila mtu angeamini, na lawama ingemwangukia Mzee arap Mutai na mwavuli wake. Nikasema ukweli. Nikasema, "Kadi zimekunywa maji, Profesa. Mashine ni nzima."

"Zinachukua muda gani kukauka?"

Sikujua. Kabati letu lenye balbu lilikausha kadi chache tu, tena kwa siku nyingi. Nikageuza macho mlangoni, labda kwa kutafuta pa kukimbilia, na mbele yangu kikasimama kiwanda, na juu ya kiwanda lile dari refu, ghorofa ya kunyaushia majani. Baba yangu alifanya kazi humo tangu nikiwa mdogo. Majani mabichi yanatandazwa juu ya wavu, hewa ya vuguvugu inapulizwa kutoka chini, na maji yanatoka kidogo kidogo bila kuliunguza jani. Mchana nilikuwa nikimpelekea chakula, ananionyesha: chukua konzi ya majani, yafinye, fungua mkono, uone yanavyofunguka. Maisha yangu yote nimeliona lile dari. Na kwa miaka nimewasha balbu kabatini kama mama mwenye kifaranga kimoja.

Nikawaambia tuzipeleke zikaanikwe na majani.

Wengine walicheka. Profesa hakucheka. Aliniuliza hewa ile ina joto gani, nikamwambia sijui kwa namba, ila ukiweka uso juu yake ni kama pumzi ya ng'ombe. Akafikiri kidogo. Akainama, akachukua sanduku la kadi, akatoka nalo kwenye mvua ya alasiri, iliyokuwa imeanza, amelifunika kwa ovaroli aliyovaa.

Vijana, laiti mngekuwepo. Wasomi wa nchi hii wakivuka ua kwa mbio, kila mmoja na sanduku kifuani, matope yakiwarukia, Mzee arap Mutai katikati na mwavuli wake akijaribu kumfunika kila mtu na asimfunike yeyote. Walipopanda ngazi za lile dari wakasimama kutazama. Wengi wao hawakuwahi kuingia kiwandani. Chai walikuwa wakiinywa tu. Majani yamelala kutoka ukuta huu mpaka ule, kijani kitupu, na harufu yake, ile harufu tamu ya jani linaloanza kulegea, ambayo mimi nilikuwa nimeizoea mpaka sikuwa nikiisikia, siku hiyo niliisikia upya. Msimamizi wa dari alitupa kona. Tukazitandaza kadi kwenye trei za waya, tukazifunika kwa trei nyingine zisipeperuke, tukasubiri.

Hapo ndipo wakshop yenyewe ilipoanza, na hakuna aliyeiandika kwenye pendekezo. Profesa aliuliza tutajuaje zimekauka bila kuzidi, maana alisema karatasi ikikauka kupita kiasi itapinda. Nikamwonyesha kusikiliza. Akaweka kadi sikioni, akapiga, akacheka kama mtoto. Kisha akasema sikio ni zuri lakini angependa na kipimo. Mzee arap Mutai akamwambia subiri, akashuka, akarudi na kile chuma chake cha kupimia unene wa pistoni, ambacho madereva hawakuruhusiwa hata kukitazama. Profesa akapima kadi yenye maji, akapima kavu. Tofauti yake ilikuwa ndogo hata unywele ni mnene zaidi. Chuma kikapita mkono kwa mkono. Tukakaa pale watu wazima, wengine wamechuchumaa, wakipima, wakisikiliza, wakiandika, wengine wakifinya majani ya chai kwa sababu msimamizi aliwaonyesha na ikawapendeza. Niliangalia nikasahau kuogopa. Niliwaza, kumbe ule unene mdogo namna ile ndio unaosimamisha mashine nzito vile, ndio unaokaa kati ya mama wa Longisa na majani yake.

Tuliporudi gereji, sakafu ilikuwa imekauka. Nikalisha kadi. Nikabonyeza.

Zilikimbia. Ee Mungu, zilikimbia! Mpangaji alizichukua zote mpaka ya mwisho, na za Silibwet zikalala kwa za Silibwet, na za wageni zikalala kwa za wageni, makosa yao juu yao. Hakuna aliyepiga makofi mwanzoni. Walisimama tu.

Mzee arap Mutai alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake. Akaja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko kanisani, ni nani aliyeiambia mashine kwamba hii ni ya Silibwet. Nikamfungulia kifuniko. Nikamwonyesha brashi ndogo ya waya na chuma kilicho chini yake: kadi inapita katikati, penye karatasi brashi haigusi chuma, penye tundu inagusa, umeme unapita, kisanduku kinafunguka.

"Kwa hivyo haioni," akasema. "Inapapasa, kama kipofu."

"Ndiyo, Mzee."

"Na haikosei."

Nikamwambia haikosei, tunakosea sisi. Alitikisa kichwa na macho yake yalikuwa na maji. Profesa alikuwa nyuma yetu, na niliona naye anainama kutazama ile brashi, yeye aliyeifundisha miaka mingi, kama anaiona mara ya kwanza.

Jioni Profesa alifunga siku. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alishukuru, kisha akamwambia katibu wake afungue daftari na akauliza ni nani ana wazo la wakshop ya mwaka ujao. Nilishika ukingo wa meza, kwa sababu hili ndilo lilikuwa jibu la sharti, na hakuwa amesema kama shahada inatakiwa au haitakiwi. Mwalimu mmoja wa chuo alisema lake. Mtu wa reli akasema lake. Kisha nyuma kabisa ukainuka mkono mwingine, na ulikuwa na kofia ya sufi.

Wachache walicheka. Yule aliyekunja ovaroli alicheka kwa sauti.

Profesa alingoja wanyamaze. Akamuuliza kwa Kiswahili ni wakshop ya nini.

"Ya mashine zote zinazokufa kwa mvua," akasema Mzee arap Mutai. "Trakta, hii ya kadi, zote. Mvua ni moja."

"Na watu watafanya nini humo, Mzee?"

"Watafungua. Watafunga. Mwenye kushindwa kufunga haendi nyumpani."

Wakati huu walicheka wote, lakini kwa namna nyingine, na Profesa pia. Katibu alikuwa ameshika kalamu. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, hakuwa na ubaya, aandike shahada gani mbele ya jina. Niliona Mzee arap Mutai anamtazama katibu, kisha ananitazama mimi nimtafsirie hilo neno, nami nikamtazama Profesa.

Profesa alikuwa bado amevaa ile ovaroli ndefu. Akavua miwani akaifuta kwenye mkono wake.

"Andika jina lake," akasema. "Jina linatosha."

Katibu akaandika. Mimi nikatoka nje nikasimama nyuma ya trakta kwenye manyunyu, nikalia kwa sauti, sikujali nani ananisikia, mpaka Bwana Tanui akaja akanishika bega akaniambia niingie, chai inapoa na wageni wananiulizia.